Mlango wa Stoo ya Ngoma

Ukimwazima kijana ngoma, neno la kawaida la kumwambia ni "itunze." Bwana Utamaduni wa Karatu sikuwahi kumsikia akilitamka. Alikukabidhi ngoma kwa mikono miwili, akakutazama usoni mpaka ukaona haya, kisha akasema, "Nenda kaiharibu." Alisema hivyo kwa ngoma, kwa brashi, kwa filimbi, hata kwa shuka jeupe tulilolichukua tufanye pazia la mchezo wetu wa kuigiza. Kitu kikirudi safi kama kilivyotoka, alinuna waziwazi. Alikigeuzageuza, akakinusa, akamwuliza aliyekileta kama alikuwa anaumwa.

Habari za kuzaliwa kwake sina na sitajifanya ninazo. Rhotia walisema ametoka Iramba, Endabash walisema ni mtu wa Pwani aliyekimbia joto, na yeye alizikubali zote kwa kutikisa kichwa huku akitafuna muhindi wa kuchoma. Miaka ile ya sabini kila mtu wa serikali aliitwa kwa kazi yake. Tulikuwa na Bwana Shamba, Bwana Afya na Bwana Mifugo, na huyu aliyeletwa kushughulikia ngoma, nyimbo na michezo ya vijana akawa Bwana Utamaduni. Jina la nyumbani halikuwahi kuhitajika.

Sasa stoo. Nikianza kuizungumzia stoo ile moyo unanienda mbio mpaka leo, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Ilikuwa nyuma ya ofisi za serikali pale Karatu, ghala la zamani la ngano lililoachwa na walowezi. Mlango wake ulikuwa wa mbao nene, mpana wa kupitisha mkokoteni, na kila ulipofunguliwa uligonga ukuta kwa kishindo kilichofika mpaka sokoni. Tulikijua kishindo kile. Tukikisikia tukiwa tumetumwa chumvi, chumvi ilichelewa.

Ndani mlikuwa na ngoma za kila ukubwa, njuga, manyanga, filimbi, makopo ya rangi ya unga, na redio kaseti ambayo betri zake zilianikwa juani kila asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Mlikuwa na makoti ya kizungu ya kuigizia mabeberu, na ndevu za katani. Kulikuwa na harufu ya ngozi, gundi na vumbi la ngano ambalo halikuisha hata miaka mingi baada ya ngano yenyewe kuondoka. Kijana yeyote aliruhusiwa kuingia. Aliyejua kucheza na asiyejua, wa kanisani na wa nje ya kanisa, mwenye viatu na asiye navyo, wote waliambiwa neno lile lile la kuharibu.

Halafu ikaja miaka ya kukosa kila kitu. Sabuni hakuna, karatasi hakuna, kitambaa hakuna, na rangi kutoka Arusha hadithi tupu. Bwana Utamaduni mwenzake wa upande mwingine, tulisikia, aliifunga stoo yake akasubiri hali iwe njema. Wetu alitoka na debe akaenda kuchimba. Udongo mwekundu ulikuwa kila mahali, wetu wa Rhotia, tulioukanyaga maisha yote bila kuufikiria. Mweupe aliufuata kwenye korongo. Mweusi ulikuwa mkaa wa jikoni kwa mama zetu. Aliupepeta, akauchanganya na maji na utomvu, akaupaka nyuma ya mifuko mitupu ya saruji, na asubuhi moja tukakuta ukuta mzima wa stoo una karatasi za kuchorea. Brashi tulitafuna wenyewe, vijiti vya mti, mpaka midomo ikawa kijani. Nakumbuka nilivyopiga kelele ya furaha nilipoona wekundu wa nyumbani kwetu umekaa kwenye karatasi, umekuwa ng'ombe. Nilitaka kumwonyesha kila mtu barabarani.

Mtu mkarimu hivyo ungedhani ni mkarimu kwa kila kitu. Thubutu. Mali ya serikali aliitoa kama maji, lakini sukari yake mwenyewe aliilinda kuliko mtoto. Katika miaka ile ya foleni alikuwa na sukari kidogo kila wakati, hatukujua anaipata wapi, na aliificha ndani ya ngoma ndogo kabisa, ile ambayo ngozi yake ya chini ilikuwa imelegea. Ngoma hiyo ndiyo pekee aliyokataa kuazimisha. Alisema ina ugonjwa. Siku moja binti wa mwenye duka akainyanyua kwa ubishi, akaipiga, na badala ya mlio ikatoka sauti ya mchanga, halafu sukari ikamwagikia miguuni. Tulianguka kwa kicheko. Yeye alipiga magoti akaanza kuizoa pamoja na vumbi la ngano, amekunja uso, na chai aliyokunywa wiki ile, nina hakika, ilikuwa nzito kama uji.

Alihimiza watu wafike kwa wakati, naye hakuwa na saa. Alivaa mabuti ya mpira masika na kiangazi, koti lenye brashi mfukoni, na alichukia kushukuriwa. Ukimwambia asante alitazama nyuma yake, kana kwamba unamsemesha mtu mwingine. Ngoma mpya hakuijaribu kwa sikio kama mafundi wengine. Aliilazia kiganja ubavuni, akafumba macho, akasema, "Piga." Akisikia anachotaka mkononi, alitikisa kichwa. Asipokisikia, ngozi ilivuliwa ikaanza kuwambwa upya.

Na hakucheza. Hilo ndilo tulilokuwa tukimchokoza kwalo kila siku. Mtu aliyewachezesha vijana kutoka Rhotia mpaka Endabash hakuwahi kuinua hata kisigino. Tukimvuta mkono alijitoa. "Mimi ni mtu wa stoo," alisema. "Mtu wa stoo akicheza, mlangoni anabaki nani?"

Mimi alinipata kwa debe. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nipo nyumbani, nikienda kuteka maji, na wakati wa kushuka mtoni debe likiwa tupu nilikuwa nikilipiga kwa vidole njia nzima. Alikuwa akipita na baiskeli. Akashuka, akanifuata nyuma kimya mpaka mtoni, nikadhani ni kichaa. Pale akaniuliza debe ni la nani, nikasema la mama. Akasema mama aachiwe debe lake, nije stoo kesho. Kesho yake nikatoka na ngoma kubwa kuliko zote, nimeikumbatia na mikono haikutani.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu mwema, lakini kwake ngoma ilikuwa mlango wa kutokea nje ya wokovu, na binti kuipiga ndiyo kabisa. Asubuhi aliibeba kichwani mwenyewe, akaenda nayo Karatu kuirudisha. Bwana Utamaduni akaipokea, akaigeuzageuza, akainusa, akamrudishia. Akasema haijapigwa bado, yeye hapokei vitu vizima. Baba akabishana naye mpaka jua likawa kali, na hakushinda. Ikabidi airudishe Rhotia, ngoma kichwani, mzee wa kanisa, akipita katikati ya watu wanaotoka sokoni, na kila aliyekutana naye akamwuliza kwa heshima zote sherehe ni lini. Alipofika aliitua uani, akaingia ndani. Hakunipa ruhusa, na kuichukua tena hakuweza. Mama alisema hiyo inatosha, nipige mbali na nyumba.

Kuna kitu kimoja baba alichokiamini karibu sawa na Biblia, nacho ni redio. Jambo likisemwa na jirani lilikuwa umbea. Likisemwa na redio lilikuwa limetokea. Nilijua kabisa kwamba siku nikisikika humo, nitakuwa nimetokea na mimi.

Basi Bwana Utamaduni akaja na habari kwamba Sabasaba ya mwaka ule watu wa redio watafika Karatu na gari lao, na kundi litakaloshinda litarekodiwa. Sikulala vizuri tangu siku ile. Kundi letu lilikuwa zuri, nyimbo zetu za mavuno tulizijua, lakini yeye hakuridhika. Alisema kila kundi litaleta mavuno. Kulikuwa na lori lililopeleka mahindi Endulen, maana kule ndani ya hifadhi wafugaji walikuwa wamekatazwa kulima, akaomba nafasi juu ya magunia akatafute kitu kingine, na ngoma kadhaa za kuwapelekea vijana wa kule. Nami nikaenda na ngoma yangu. Mama alikuja pia, kwa kuwa shangazi yake alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kule, na kwa kuwa hakuwa tayari kuniacha peke yangu kwenye lori.

Tulipita ukingo wa kreta katika ukungu wa kukata masikio, tukashuka upande wa pili kwenye jua na ng'ombe. Alasiri ile, karibu na hospitali, vijana wa Kimaasai walikuwa wakiimba. Wavulana walikuwa wakitoa sauti nzito kutoka kooni, ile ya chini kabisa, kama kitu kinachopumua. Juu yake wasichana waliimba, na mbele yao kijana mmoja aliruka wima, bila kujipinda, akatua, akaruka tena. Nilisimama na ngoma mgongoni nikasahau ni nzito. Bwana Utamaduni alikuwa amekaa juu ya gunia, mdomo wazi, muhindi umeshikwa tu mkononi.

Kesho yake aliwaomba waje Karatu, waungane nasi. Kundi moja, wimbo wao uteremke uingie kwenye wetu, kama lori lile lilivyoteremka. Walipenda. Kiongozi wao wa wimbo, kijana aliyeitwa Lekishoni, alikuwa amesoma kidogo na Kiswahili alikuwa nacho. Ndipo Bwana Utamaduni alipofanya kosa lake. Kwake muziki ulianzia kwenye ngozi iliyowambwa, na ngoma alizokuwa amewapelekea zilikuwa zawadi bora aliyoijua. Akaniambia niwapigie chini ya wimbo wao.

Nikapiga, tena nilipiga vizuri, sitajidharau. Wimbo ukafa. Sauti za kooni zikanyamaza moja moja, aliyekuwa akiruka akatua akabaki chini, na wasichana wakanitazama kwa huruma.

"Hii kitu inakula wimbo," akasema Lekishoni.

Bwana Utamaduni akamweleza kwa upole kwamba watazoea, ngoma ni ya watu wote. Lekishoni alifikiri kidogo, maana hakutaka kumkosea mtu mzima.

"Mzee, sisi hatupigi ngozi," akasema. "Ngozi tunalalia."

Wasichana walicheka mpaka wakashikana. Mama naye alicheka, nyuma yangu. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini Bwana Utamaduni hakucheka wala hakukasirika. Aliwaomba waimbe tena kama wanavyoimba wenyewe. Na walipofika pale pa kuruka, alishuka kwenye magunia, akachuchumaa karibu na mrukaji, akalaza kiganja ardhini na kufumba macho. Kisigino kilipotua, nilimwona akitikisa kichwa.

Wakaja siku moja kabla ya sikukuu, kwenye lori lile lile likirudi tupu, shuka zao zimepauka kwa vumbi. Tulilala wote kwenye stoo, wasichana upande mmoja na mama zangu wawili, wa kunizaa na mdogo wake, katikati kama ukuta. Tulicheka sana. Asubuhi tukatangaziwa masharti na ofisa aliyetoka wilayani, mtu nadhifu mwenye suti ya Kaunda. Kundi lisilopiga ngoma kutoka mwanzo mpaka mwisho halitahesabiwa. Alisema ni mashindano ya ngoma, si ya kwaya.

Tulimtazama Bwana Utamaduni. Yeye aliutazama uwanja. Ulikuwa uwanja wa mnada, umesagwa na kwato za ng'ombe, vumbi mpaka kwenye kifundo cha mguu. Lekishoni aliruka kujaribu, na alipotua haikusikika hata pumzi. Pale kwenye vumbi, hata mlio ule wa kisigino uliotoka Endulen ulikuwa umetoweka. Bwana Utamaduni akageuka, akaondoka na mabuti yake bila kuaga.

Tukasikia nyundo. Baadaye tukaona kitu kipana kinakuja kupitia katikati ya watu, kimebebwa na vijana sita, na yeye nyuma ameshika bawaba. Alikuwa ameung'oa mlango wa stoo.

Aliulaza juu ya vumbi, akamwambia Lekishoni aruke. Haukulia. Ulitoa sauti ya gunia linaloanguka. Na hapa nitajisifu, maana nilikuwa nimeishi na ngoma kwa mwaka mzima na nilijua kinachokosekana. Nilisema hauna tumbo. Tukatafuta mawe, nikayapanga kwenye pembe nne, nikalisogeza moja, nikasogeza jingine, nikilaza kiganja kwenye mbao kama alivyofanya yeye, mpaka Lekishoni aliporuka na mlango ukatoa ile sauti tuliyoijua sote tangu utoto, ile ya stoo kufunguliwa. Watu waliokuwa sokoni waligeuka.

"Hii sawa," akasema Lekishoni. "Hii haiimbi. Inajibu."

Furaha yangu haikudumu. Bwana Utamaduni alinivuta kando akaniambia mimi nitakaa na ngoma yangu mbele, mikono magotini, mpaka wimbo wao ufike kwetu. Nisipige hata kidole. Nikamwuliza, na kama watu wa redio watazima mitambo kabla sijaanza? Nilikuwa nimesubiri siku ile kuliko harusi. Nilimwona baba akilini, amekaa kando ya redio yake Rhotia, akisikia kundi la binti yake bila binti yake.

"Basi utakuwa umesikiliza," akasema.

Nilimchukia. Nasema kweli, kwa muda ule nilimchukia kabisa, na nikaenda kukaa na ngoma yangu machozi yakinilenga.

Kisha wakaanza. Sauti za kooni zikaja chini, za wasichana zikaja juu, na Lekishoni akapanda mlangoni. Duu. Uwanja wote, pamoja na ng'ombe waliofungwa pembeni, ukatulia. Duu. Wakapanda wawili, wakaruka kwa zamu, na mlango ukawajibu kila mmoja kwa sauti yake, na mimi nimekaa pale, vidole vinaniwasha, nikisikia kwa mara ya kwanza mahali pangu palipo. Sijui kuieleza vizuri zaidi ya hivyo. Kabla ya siku ile nilikuwa napiga tu. Niliingoja nafasi, nikaiona inakuja kwa mbali, wimbo ukiteremka, wasichana wetu wakiupokea kwa vigelegele, na mlango ulipopiga mara ya mwisho mikono yangu ikaondoka yenyewe magotini. Wazee walisimama. Mama yangu alirusha kanga yake juu na haikujulikana iliangukia wapi.

Ofisa wa wilaya alikuja mpaka kwetu tukiwa bado tunahema.

"Ndugu," akamwambia Bwana Utamaduni, "mwanzo wote ule ngoma ilikuwa wapi?"

"Ile pale."

"Ule ni mlango."

"Ulikuwa mlango," akasema Bwana Utamaduni.

Tulipewa sifuri. Ushindi ulikwenda kwa kundi la Endabash, waliocheza vizuri na walistahili, na nililia mbele ya watu wote. Lakini fundi wa redio, baada ya kumaliza na Endabash, alikuja kwetu na vile visikilizio shingoni akasema amebakiwa na nafasi kwenye tepu yake, na angependa kuusikia mlango tena. Tukarudia. Tulirudia kwa nguvu kiasi kwamba pale mwishoni mbao zilipasuka katikati, kwa mlio ambao nao ulirekodiwa.

Wiki kadhaa zilipita. Siku wimbo wetu ulipotangazwa, baba alikuwa amekaa uani na redio mapajani, nami nachambua maharage. Wimbo ukaanza. Baba akasikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Ile ngoma ya kwanza anapiga nani?" akauliza.

"Mlango, baba."

Alinitazama, akairudia redio. Wimbo ukateremka, ngoma yangu ikaingia, na akainua uso kabla sijamwambia. Mtu aliyeisikia kwa mbali ikipigwa kila jioni hakuhitaji kuambiwa. Akainua mkono kuongeza sauti, na papo hapo mtangazaji akaingia kati na habari nyingine.

"Wamekata mapema," baba akasema, amekasirika kweli.

Tangu hapo nilipiga uani.

Nusu ya mlango ilipanda lori kurudi Endulen, ambako mama yake Lekishoni, nilisikia, aliifanya mlango wa zizi la ndama. Nusu nyingine ilibaki. Wilaya haikutoa mbao, kwa hiyo stoo ikakaa wazi. Tulidhani Bwana Utamaduni ataugua kwa wasiwasi. Badala yake alianza kuwa mchangamfu. Vitu vilipotea, sitasema havikupotea. Kopo la mwisho la rangi ya dukani, ya buluu, liliondoka usiku mmoja, na baada ya siku chache ukuta wa mashine ya kusaga ya Rhotia ukawa na pundamilia wa buluu, kundi zima, wanakimbia kuelekea kreta. Mwenye mashine alitaka polisi. Bwana Utamaduni alifika akausogelea ukuta, akatazama muda mrefu, kisha akazunguka kijiji kizima akimtafuta mwizi ili ampe brashi nzuri zaidi. Alimpata, na yule kijana aliishi kwa kuchora mabango ya maduka. Na sisi tulikuwa na hoja mpya ya kumchokozea. Tulimwambia mlango hakuna tena, hana cha kulinda, acheze sasa. Alijibu, "Bado."

Nilikuja kuwa mwalimu. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa Endabash, nikiwa na chumba cha darasa kilichojaa ngoma, udongo wa rangi na karatasi za saruji, na ile nusu ya mlango, ambayo niliiomba stoo ilipochukuliwa kuwekewa mbolea. Ilikuwa juu ya mawe manne, katikati. Wanafunzi wangu hawakujua iliwahi kuwa mlango.

Asubuhi moja ya kiangazi nikaona mabuti ya mpira yanakuja njiani. Alikuwa amestaafu, amekonda, koti limekuwa kubwa. Nilimkimbilia. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti, akajibu kwamba ndiyo, amekuja kwa miguu. Nikamwamkia tena, akasema maharage mwaka huu mabaya. Masikio yalikuwa yamekwisha. Niliumia sana, pale pale njiani, kwa mtu yule na kwa kazi ile. Lakini yeye alikuwa na haraka ya kuiona stoo yangu ya darasani.

Aliikagua kwa ukali. Alinusa ngoma, akazitazama ngozi zilizochakaa, vipini vilivyovunjika, makopo yaliyokauka, akatikisa kichwa kwa kila kimoja kilichoharibika. Niliona yuko tayari kulia kwa furaha, na ninyi mngeona hivyo hivyo. Kisha akafika kwenye zile mbao. Akapitisha kidole kwenye tundu la bawaba.

Niliwaashiria wanafunzi wapige. Walipiga kwa moyo wote, na yeye alibaki amesimama akiitazama mikono yao, kama mtu anayetazama nje kupitia dirisha lililofungwa. Sikuweza kuvumilia. Nikamwashiria kasichana mmoja apande aruke. Mbao zikagonga. Bwana Utamaduni akatazama chini, kwenye miguu yake. Akainama, akavua buti moja, akavua la pili, soksi zake zina matundu, na akapanda juu ya nusu ya mlango wake mwenyewe. Watoto walipiga. Nilimwona akikipokea kishindo kwa nyayo, uso ukifunguka kidogo kidogo.

Halafu akaruka. Kwa urefu haikuwa kitu, karatasi ingepita chini kwa shida. Alitua kwa visigino vyote viwili, wima, bila kujipinda, kama walivyofanya wao Endulen, na mbao zikatoa sauti ile ile iliyokuwa ikituita kutoka sokoni.

"Umelia?" akaniuliza, akiuonyesha mlango chini yake.

Watoto walipiga makofi na kumwambia umelia, umelia sana, na yeye aliwatazama midomo bila kuelewa, akanigeukia tena mimi. Nilimshusha, nikamkalisha chini. Niliuchukua mkono wake, nikaulaza kwenye mbao, nikawaambia watoto wapande wamjibu.